Jumapili za Kwenda Ukweni na Mbwa

Siku hizi ukitaka kwenda ukweni kwangu unapanda pikipiki pale mjini Kakamega, unashika jaketi la dereva, na kabla hujamaliza kusali umefika. Nimeipanda mara nyingi na sijawahi kuipenda. Pikipiki haikuonyeshi kitu, inakutupia vumbi tu. Miaka ya tisini, wakati goti langu lilikuwa bado goti, nilikuwa nakwenda kwa miguu, kutoka Shirere mpaka ng'ambo ya Shinyalu ambako mashamba yanagusana na msitu, na nilikuwa nakwenda na mbwa. Nikikaa peke yangu sasa, safari hizo ndizo zinazonijia kichwani. Harusi yangu nimeisahau nusu, lakini njia ile naweza kuitembea nikiwa nimefumba macho.

Mimi ni mtu wa Matungu. Kwetu nchi ni tambarare, miwa kushoto, miwa kulia, na mtu akipanda juu ya kichuguu anajiona amepanda mlima. Nilipopata kazi ya ualimu katika shule moja ya msingi karibu na mji, nikapanga chumba Shirere, na hapo hapo nikampata mke, msichana wa upande wa msitu, mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Alipohamia kwangu alikuja na sanduku la bati, godoro, na kikapu kilichofunikwa leso. Ndani ya kikapu mlikuwa na mtoto wa mbwa. Nikamuuliza hiki ni nini tena. Akanijibu kwamba mama yake ndiye amempa, na kwamba nyumba isiyo na mbwa ni kama choo cha sokoni, kila mtu anaingia tu. Mwenye nyumba alinung'unika, mimi nikanung'unika kumshinda yeye, lakini mbwa akabaki.

Hakuwa mbwa wa kusifiwa. Rangi yake ilikuwa ya udongo wa huku baada ya mvua, miguu mirefu, tumbo la kukopa, na mkia uliopinda upande mmoja tangu kuzaliwa. Mke wangu alimpa jina, mimi nikampa lingine, wapangaji wenzetu wakampa la tatu, naye hakuitika hata moja. Aliitika mluzi peke yake. Nikipiga mluzi, hata akiwa amelala upande wa pili wa ploti, atakuja.

Sasa niseme kilichonifanya niwe msafiri wa kila Jumapili. Mke wangu alishika mimba, tukafurahi kama watu wote. Msimu wa kupanda ulipofika akaenda kwao kumsaidia mama yake kutia maharagwe ardhini, nami nikamwacha aende, maana mimba ilikuwa bado na safari. Uchungu ukamkuta huko, kabla ya wakati. Habari ilinikuta darasani, nikaacha chaki juu ya meza, nikakimbia. Nilipofika kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wanawake walikuwa wamemaliza kazi yao na kunawa mikono.

Mtoto anayekuja bila kulia, huku kwetu, haombolezewi. Hakuna moto unaowashwa nje, hakuna watu wanaokuja kulala matangani. Wazee wa kike wanamchukua, na ni wao tu wanaojua walikomweka. Mwanamume haambiwi na hapaswi kuuliza. Baba yangu mdogo alitoka Matungu kuja kunipa pole, akaniambia maji yakimwagika hayazoleki, mwache mkeo apumzike kwa mama yake, mwezi ukiisha atarudi. Mwezi ukaisha.  Mahindi yakanifika gotini, yakanifika kiunoni, yakatoa mbelewele, maharagwe yakavunwa, na mke wangu alikuwa bado kwao.

Nilikuwa na hofu moja tu, na sitaificha: kwamba nimeachwa, na hakuna mtu mwenye huruma ya kunieleza. Usiku nilikuwa nalala upande wangu wa kitanda kana kwamba yeye yupo upande wa pili. Mbwa alikuwa akilala mlangoni akitazama njia. Tulikuwa wajane wawili kwenye chumba kimoja.

Kwa hiyo kila Jumapili, nikitoka misa ya kwanza, nilivaa shati langu la kanisani, nikanunua mkate na sukari, maana mkono mtupu haulambwi, kisha nikamfunga mbwa kamba ya katani shingoni na kuanza safari. Kamba ilikuwa ya lazima mpaka tutoke kwenye lami, kwa sababu ya malori na mawe ya watoto. Lo, watu walinicheka! Mwanamume mzima, mwalimu, anamtembeza mbwa kwa kamba kama Mzungu aliyesahauliwa na wenzake. Kulikuwa na fundi mmoja wa baiskeli pale Shirere ambaye kila Jumapili aliacha spana chini ili aulize kama mbwa anakwenda kanisani au ndiyo anatoka. Wengine waliuliza kama nampeleka kudungwa sindano. Mimi ni mtu wa hasira fupi, nikawajibu yasiyofaa kuandikwa, na shati la kanisani nikiwa nimelivaa. Mbwa alipita bila kugeuza kichwa. Alikuwa na heshima kuliko mimi.

Ukitoka Shirere ukifuata barabara ya Kisumu unapita Ilesi, na Ilesi siku hizo ilikuwa vyungu. Vilipangwa kwenye nyasi kando ya lami, vikubwa vya maji, vidogo vya mboga, vingine vimewekwa midomo chini kama watu waliolala kifudifudi. Nyuma ya nyumba uliona moshi wa vyungu vinavyochomwa chini ya majani makavu, na harufu yake ilikuwa ya udongo unaoungua, harufu ambayo nikiisikia mahali popote hata leo nasimama. Mama mmoja mfinyanzi alikuwa akituwekea maji katika gae kubwa la chungu kilichovunjika. Mbwa alikunywa, mimi nikamshukuru, mama akauliza ukweni hawajambo, nikasema hawajambo. Hakuniuliza zaidi, Mungu ambariki.

Pale Khayega tuliiacha lami na kushika barabara ya udongo ya Shinyalu. Hapo ndipo nilipomfungua kamba. Mbwa alijikung'uta kuanzia puani mpaka mkiani, akawa mtu mwingine. Alikwenda mbele hatua chache, akageuka kuangalia kama nipo, akaenda tena. Kila kichaka alikikagua kama mkaguzi wa shule. Na nchi nayo ilibadilika. Ilianza kupanda na kushuka. Mawe makubwa kama nyumba yalisimama katikati ya mashamba, na watu wameanika nguo na mihogo juu yake bila habari. Chai ilikuwa imekatwa sawasawa upande wa jua. Mikaratusi ilinukia, mapera yalikuwa yameanguka njiani na kupasuka, mekundu ndani, nyuki wakila. Kutoka makanisa ya kilima hiki na kilima kile zilikuja nyimbo, kila kanisa na ngoma yake, zikichanganyika bondeni mpaka hujui ni nani anamsifu Mungu kwa wimbo upi.

Jumapili moja tulikutana na fahali. Alikuwa ametoka kuonyeshwa, au anakwenda kuonyeshwa, sikumbuki, lakini alikuwa amepakwa matope mgongoni na amefungwa majani kwenye pembe, na nyuma yake vijana wenye fimbo wakiimba, ngoma za isukuti zikilia mpaka tumbo langu likatetemeka. Watu wa huku wanapenda fahali wao wa kupigana kuliko wanavyopenda jamaa zao, na hilo nimewaambia usoni. Mbwa wangu, ambaye Shirere alikuwa akitisha walevi, alipita katikati ya miguu yangu akajificha nyuma. Nikamwambia hiyo ni sawa, hata mimi ningejificha kama ningekuwa na pa kujificha.

Kisha kijito na daraja lake la magogo mawili, kisha mlima wa mwisho, na kutoka juu yake uliuona msitu. Mtu wa Matungu hawezi kuuzoea. Ulikuwa umelala pale chini, mweusi, mkubwa, bila mwisho, na kutoka kwake ulikuja ubaridi uliokupiga usoni kama mtu amefungua mlango wa ghala. Mbega walirukaruka kwenye miti ya ukingoni, mikia yao myeupe ikining'inia, na hondohondo walipiga kelele zao za bibi mgomvi. Mbwa alisimama hapo kila mara, pua juu. Alikuwa amefika kwao.

Ukweni nilikaribishwa katika nyumba ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kijana mpole aliyekuwa amejenga pembeni mwa boma. Kwa mama mkwe sikuingia. Nadhani wengi wa siku hizi hawaijui adabu hii, kwa hiyo nieleze. Kwetu sisi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawasemezani, mpaka ifanyike ile shughuli ya kuuondoa mwiko huo, na sisi tulikuwa bado. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Kama ni yeye, anaingia shambani na kukupa mgongo mpaka upite. Kama ni wewe, ni hivyo hivyo. Si chuki, ni heshima, na heshima yenyewe ina jasho.

Kwa hiyo mama mkwe nilimjua kwa kikohozi, kwa kisogo, na kwa leso yake ya manjano ikipotea nyuma ya jikoni. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu anayetembea haraka. Na nilimjua kwa chakula. Obusuma, ugali wa wimbi, na ingokho, kuku aliyechemshwa polepole, vililetwa kwangu nyumbani kwa shemeji, na firigisi ya kuku yule ilikuwa imewekwa juu, pale ambapo mkwe ataiona. Kila Jumapili niliitafuta kwanza. Nikiiona, nilijua kwamba kwa mama huyu mimi bado ni mkwe. Kwa binti yake sikuwa na uhakika.

Mke wangu alikuja, akanisalimu, akaweka kiti, akakaa kwenye mkeka mbali kidogo. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza habari, akasema nzuri. Nikamuuliza atarudi lini. Akaangalia mikono yake. Nikamwambia chumba kimekuwa kikubwa, nikamwambia hata wapangaji wanamuulizia, nikamwambia mimi nimejifunza kupika mrenda na unanishinda. Zamani hilo lingemchekesha mpaka machozi. Akasema tutaona. Kisha akainuka kwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa jikoni. Wakati huo wote mbwa hakuwa nasi. Akifika boma lile alizunguka nyuma ya jikoni na kulala huko kwenye migomba, na jioni ilibidi nimpigie mluzi mara nyingi ndipo aje, shingo upande.

Jumapili ninayotaka kuieleza ilikuwa na wingu tangu asubuhi. Tulipita Ilesi, tukapita Shinyalu, tukashuka mlima wa mwisho, mimi nimeshika mkate chini ya kwapa na kujiambia kwamba leo nitasema la kusema. Kama ni ndiyo, ndiyo. Kama ni hapana, nitabeba hapana yangu nirudi nayo. Karibu na boma kuna mahali njia inabanwa, upande mmoja ua wa miiba, upande wa pili shamba la mahindi. Nikageuka kona, na mbele yangu, karibu kiasi cha kusalimiana, nikaona leso ya manjano.

Alikuwa akitoka kumwona mgonjwa, kifungu cha mboga mkononi. Aliniona wakati ule ule nilipomwona. Kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mtu wa umri wake aliingia kwenye mahindi, nami nikageuka nikautazama ua wa miiba kama mtu anayesoma gazeti. Mambo yangekwisha hapo. Ningepita, yeye angetoka, heshima ingebaki mahali pake. Lakini mbwa hakusoma adabu. Mama huyu ndiye aliyemlea mpaka akafungua macho, naye akaingia mahindini akimfuata, nikasikia majani yakichakacha kwa furaha ya mkia.

Nikasubiri. Mbwa hakutoka. Kumwacha siwezi, kumfuata siwezi, kumwita kwa jina ni kazi bure. Basi, bila kufikiri, nikafanya nililozoea. Nikapiga mluzi.

Mluzi wenyewe ulikuwa bado hewani nilipotambua nimefanya nini. Nimempigia mama mkwe wangu mluzi, kichakani, Jumapili. Nilihisi damu ikipanda mpaka kwenye nywele. Kwa kosa dogo kuliko hilo watu wa Matungu wamelipishwa mbuzi.  Mbali, juu ya msitu, mvua ilikuwa imeanza, maana huku unaisikia kabla haijakufikia, inakuja ikitembea juu ya majani ya miti.

Kisha sauti ikatoka kwenye mahindi. "Wewe mbwa," ilisema, "mwambie huyo aliyekuleta kwamba mvua inakuja, asisimame hapo."

Sikujua nifanye nini. Kusemezana ni mwiko. Lakini yeye hakuwa amenisemesha mimi, alikuwa amemsemesha mbwa, na mbwa wake mwenyewe. Nikakohoa. "Mbwa," nikasema kuuelekea ua, "mwambie mama nakusubiri wewe, na mluzi ule ulikuwa wako."

Nilisikia kitu kama kicheko kinachozibwa kwa leso. Halafu sauti ikabadilika. "Mbwa, huyo mwenyewe anakujanga kila Jumapili na swali moja. Utarudi lini, utarudi lini. Hiyo ni swali ya kuuliza mtu aliyekwenda na jembe lako."

Hapo hasira yangu ikanipanda, mwiko au si mwiko. Nilisahau kunong'ona. Nikamwambia mbwa amwambie mama kwamba mimi si mganga wa kupiga ramli. Kila nikija nawekewa kiti na kunyamaziwa. Nimevaa viatu vikaisha soli kwenye barabara hii. Kama binti yake amenichoka aseme, kama mimi ndiye mwenye mkosi aseme, nirudi kwetu nikakate miwa, lakini asiniache katikati namna hii, maana mimi nampenda na siwezi kuendelea. Neno hilo, nampenda, sikuwa nimewahi kulisema mbele ya mzazi yeyote. Lilitoka lenyewe, nikiwa nimeangalia miiba.

 Kisha akasema, taratibu sana, neno kwa neno, kama mtu anayeteremsha mtungi uliojaa kutoka kichwani.

"Mbwa, wewe unajua mahali unapolalanga ukifika kwangu. Pale kwa migomba, nyuma ya jikoni. Yule mtoto tulimweka hapo. Mama yake hajachoka mtu. Anasema akienda Shirere mtoto atabaki na nani. Kila jioni anakaa hapo. Sasa ni wewe umesema, mbwa. Mimi sijasema."

Mkate ulianguka. Nikachuchumaa kuuokota, nikabaki hapo hapo chini. Miezi yote ile nilikuwa nimejipanga kwa lawama, kwa dharau, hata kwa mwanamume mwingine. Hili halikunijia kabisa. Mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba ni maji tu yamemwagika, nami nikajaribu kuamini, na nikajiona mwanamume kwa kutouliza. Nikakumbuka kwamba sijui hata kitu kimoja kuhusu mtoto yule. Sijui alikuwa mkubwa kiasi gani. Sijui walimfunika kwa nini. Hata jambo ambalo jirani yeyote huuliza kwanza mtoto akizaliwa, mimi sikuwa nalijua.

Matone ya kwanza yakaanza kupiga majani ya mahindi. Nikasema, na sauti yangu sikuitambua: "Mbwa. Muulize mama. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

 Nilidhani ameondoka. Mvua ilifika, ikapiga shamba lote kwa pamoja, nami nikabaki nimechuchumaa njiani na shati langu la kanisani limenigandama mgongoni. Ndipo aliposema, na safari hii hakumwita mbwa.

"Alikuwa msichana, baba. Masikio alichukua yako."

Masikio yangu yamekaa wazi kama mishikio ya sufuria, wanafunzi wamenicheka kwayo tangu nianze kazi. Kumbe mama huyu alikuwa ameyaona. Kumbe kwa miaka ile yote ya kupeana migongo alikuwa akiniangalia vizuri. Nikalia, mvua ikanisaidia kuficha. Nilipoinuka, majani yalikuwa yakitikisika mbali, akipita katikati ya shamba kwenda nyumba ya jirani kujikinga, na mbwa alikuwa amesimama mbele yangu amelowa chapachapa, akiningoja mimi, kwa mara ya kwanza huku ukweni.

Sikwenda kwa shemeji. Nilimfuata mbwa. Aliingia bomani, akazunguka jikoni, akapita kuni, akaenda moja kwa moja kwenye migomba na kulala penye udongo uliofagiliwa, ambapo hakuna jani hata moja lililokuwa limeachwa lianguke. Kulikuwa na kigoda. Nilijua ni cha nani. Nikakaa juu yake, mkate uliolowa magotini, majani ya mgomba yakinimwagia maji kichwani.

Mke wangu alinikuta hapo. Alikuja amejifunika gunia la sukari kichwani, akasimama. Aliangalia mbwa, akaniangalia mimi, na uso wake ukaogopa.

"Nani amekuambia?"

"Mbwa," nikasema.

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. Kisha akacheka. Kicheko kile kikubwa, kilichokuwa kimepotea tangu msimu wa kupanda, kilitoka chote kwa mara moja, kikageuka kilio kabla hakijaisha, akakaa chini kwenye matope karibu na miguu yangu. Sikumuuliza atarudi lini. Nilimwambia nieleze. Akanieleza. Vidole vilikuwa virefu. Nywele zilikuwepo, nyingi, zimelala. Walimfunga kwa kipande cha leso ya manjano. Alikuwa ameshampa jina kimoyomoyo, naye akaniambia jina hilo, na hilo halitoki kwangu. Tulikaa hapo mpaka mvua ikapita na jua la jioni likaingia chini ya migomba.

Nilipoaga, shemeji alitoka kunisindikiza kama kawaida. Mke wangu akamwambia abaki, leo atanisindikiza mwenyewe. Alikuwa amevaa patipati na leso ya jikoni. Kwa desturi mgeni unamfikisha njia panda, mnasimama, mnaongea ya mwisho, unarudi. Mbwa alitangulia. Tulifika njia panda, tukaendelea kuongea, tukapita. Tulifika mguu wa mlima, nikamwambia nadhani umefika mbali. Akasema atanifikisha juu, aone msitu.

Juu ya mlima mbwa alisimama. Alitutazama, akatazama nyuma kulikokuwa na boma, akatutazama tena. Nikapiga mluzi. Hakuja. Aligeuka na kuanza kurudi, pole pole, bila kuangalia nyuma, kuelekea kwenye migomba.

Niliweka vidole mdomoni kupiga wa pili, mke wangu akaushusha mkono wangu.

"Mwache," akasema. "Abaki naye."

Tukashuka upande wa pili. Kwenye daraja la magogo alivua patipati akazishika mkononi. Shinyalu tulipita watu wakifunga vibanda. Kila tulipofika mahali pa kusindikiza mtu na kurudi, nilinyamaza nisije nikalikumbusha neno hilo, naye akaendelea kutembea kando yangu, akinieleza zaidi kuhusu vile vidole. Tulifika Shirere giza limeingia, na alikuwa bado ananisindikiza.